Kabla Hujasaini Profoma ya Seva Mpya, Hesabu Kori

Leo kona yetu inawahusu mafundi wa kompyuta na wale wanaoshika fungu la fedha ofisini. Mhasibu, wewe ndiye ninayetaka ukae mbele kabisa, kwa sababu mambo haya yakiharibika hundi huandikwa mezani kwako.

Kuna kijana ameniandikia, ni afisa TEHAMA wa SACCOS. Seva yao imechoka, diski zimeanza kulalamika, na kila mwisho wa mwezi mfumo wa mikopo unajikokota mpaka watu wanalala ofisini. Bodi imekubali inunuliwe mashine mpya. Muuzaji ameshaleta profoma: prosesa mbili, kila moja ina kori 16, kumbukumbu ya kumwaga, na bei haijawatisha. Kanzidata yao ni SQL Server 2014, daraja la Standard. Anauliza: "Dada, nikihamia kwenye mashine mpya, leseni ya zamani inanitosha au naanza upya?"

Mdogo wangu, nashukuru umeuliza kabla ya kusaini. Usisaini bado. Mashine hiyo haina ubaya wowote, ila kwa ofisi ya ukubwa wenu inaweza kuwa ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote mtakavyonunua. Anayechagua prosesa ya seva ya kanzidata anachagua na bili ya leseni palepale, na wauzaji wengi wa mashine hawalisemi hilo kwa sababu leseni si biashara yao.

Nianze na chanzo cha tatizo. Mpaka SQL Server 2008 R2, aliyetaka leseni ya mashine nzima alihesabu prosesa. Prosesa moja, leseni moja, iwe na kori nne au sita ndani yake. Kuanzia toleo la 2012 Microsoft ilibadili kipimo: sasa zinahesabiwa kori zenyewe, na kila kori ya mashine lazima iwe na leseni. Prosesa hata ikiwa ndogo kiasi gani huhesabiwa kuwa na kori zisizopungua nne, na leseni huuzwa kwa jozi, kori mbili mbili. Mabadiliko hayo yalikuja wakati watengenezaji wa prosesa wanashindana kujaza kori ndani ya kipande kimoja. Leo AMD EPYC za mfululizo wa 9005 zinafika kori 192 katika prosesa moja. Mambo yamekuwa kama bima ya daladala: unalipia viti vilivyomo garini, si abiria uliowapakia. Na kuiambia programu itumie kori chache tu, kwa mpangilio wa ndani ya SQL Server yenyewe, hakupunguzi kiti hata kimoja.

Tuchukue kalamu. Bei za orodha ambazo Microsoft iliitangazia Marekani kwa toleo la 2022 ni dola 3,945 kwa jozi ya kori za Standard, na dola 15,123 kwa jozi ya kori za Enterprise. Wakala wa hapa atakuwa na bei yake, na VAT itafuata, Tanzania asilimia 18 na Kenya 16, lakini uwiano unatosha kutufundisha. Mashine ya kijana wetu ina kori 32, yaani jozi 16. Standard peke yake ni dola 63,120. Enterprise ni dola 241,968. Sasa soma na hili: Standard ya 2022 haitumii zaidi ya kori 24 hata ukiipa mashine kubwa kiasi gani, na kumbukumbu inayoitengea data haizidi GB 128. Kwa hiyo SACCOS ingelipia kori 32, nane kati ya hizo zikae bure mpaka mashine izeeke. Fedha za wanachama hizo, wadogo zangu. Fedha za mama anayeweka akiba yake kidogo kidogo kila mwezi.

Ingekuwa prosesa moja ya kori nane, jozi ni nne, nayo gharama ni dola 15,780. Tena usidhani kori nane za leo ni sawa na kori nane za seva yenu ya zamani. Kori moja ya prosesa mpya hufanya kazi nyingi zaidi kwa sekunde, na diski za NVMe zinaondoa ule msongamano ambao mara nyingi ndio unaoifanya taarifa ya mwisho wa mwezi ichelewe. Watengenezaji wanajua kuwa wateja wa kanzidata wanalipia kori, ndiyo maana zipo prosesa zilizotengenezwa makusudi ziwe na kori chache zenye kasi kubwa. AMD EPYC 72F3, kwa mfano, ina kori nane tu lakini imepewa kashe ya MB 256. Mwambie muuzaji kwa maneno haya haya: nataka kori chache zenye kasi. Akikuletea tena yenye kori nyingi kwa sababu ndiyo iliyopo stoo, tafuta muuzaji mwingine.

Kabla hujafika kwenye kori, hata hivyo, kuna njia ya pili ambayo ofisi ndogo zinaisahau. Daraja la Standard bado linauzwa kwa mtindo wa seva pamoja na watumiaji. Unanunua leseni moja ya seva, dola 989 kwa orodha ile ile, halafu kila mtumiaji au kila kompyuta inayoifikia kanzidata inalipiwa leseni yake, ile inayoandikwa CAL kwenye ankara, dola 230. Kwa mtindo huu idadi ya kori haihesabiwi kabisa. Ofisi ya watumishi 20 ingelipa dola 5,589. Nimewapigia hesabu ya mpaka: kwenye mashine ya kori nne, njia hizi mbili zinakutana kwenye watumiaji 30, na kwenye mashine ya kori nane zinakutana kwenye 64. Chini ya hapo nunua CAL, juu ya hapo nunua kori. Na CAL zina aina mbili. Hospitali ambako kompyuta moja ya mapokezi hutumiwa na watu watatu kwa zamu, nunua CAL za vifaa. Ofisi ambako mtu mmoja ana kompyuta ya mezani, ya kubeba na simu, nunua za watumiaji.

Ila hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Wanaohesabiwa ni watu walio mwisho wa mnyororo. Mfumo wenu unaweza kuingia kwenye kanzidata kwa jina moja tu la mtumiaji, lakini kama nyuma ya jina hilo kuna wanachama 3,000 wanaotazama salio lao kwenye simu, Microsoft inawahesabu wote 3,000. Kuweka programu ya kati hakupunguzi idadi. Kwa hiyo SACCOS yenye watumishi 18 na hakuna mwingine anayegusa mfumo ni mteja wa CAL. SACCOS hiyo hiyo ikifungua huduma ya simu kwa wanachama, imehamia kwenye kori siku hiyo hiyo. Kijana wangu, hukuniambia kama wanachama wenu wanaingia wenyewe. Hilo ndilo la kumuuliza meneja kwanza, na muulize pia kama wana mpango wa kufungua huduma hiyo katika miaka mitatu ijayo, maana leseni unayonunua leo itakuwa bado ipo.

Turudi sasa kwenye swali lenyewe: leseni ya zamani inahama au haihami? Jibu liko kwenye makaratasi, na kama makaratasi hayapo, kazi ya kwanza ni kuyatafuta. Fungueni kabati la mhasibu, tafuteni ankara ya siku seva ilipoletwa. Leseni iliyouzwa pamoja na mashine na mtengenezaji wa mashine, kama ile Windows Server yenye kibandiko ubavuni, imefungwa na mashine hiyo, nayo huzikwa nayo. Leseni iliyonunuliwa kwa mkataba wa jumla wa taasisi ni mali yenu ya kudumu na mnaweza kuihamishia mashine nyingine, kwa sharti kwamba haihamishwi zaidi ya mara moja katika siku 90, isipokuwa kama vifaa vimekufa moja kwa moja. Ikihama, mashine ya zamani haina ruhusa tena ya kuendesha kanzidata hiyo. Haya mambo ya kuiacha iwake pembeni "kwa ajili ya taarifa za zamani" yanahitaji leseni yake.

Lakini kuhama na kupanda toleo ni mambo mawili. Leseni ya 2014 inakupa haki ya 2014 na matoleo yaliyoitangulia, basi. Haki ya toleo jipya bila kununua upya inakuja tu kama mlikuwa mnalipia Software Assurance, ule mkataba wa nyongeza wa kila mwaka, na ulikuwa hai siku toleo jipya lilipotoka. Uliza kama mliwahi kuwa nao. Nimeona ofisi zinazolipia mkataba huo miaka na miaka bila mtu yeyote kujua faida yake, mwisho zinanunua kitu ambacho tayari ni haki yao. Na CAL nazo zina toleo: CAL ya 2014 haifungui mlango wa seva ya 2022. CAL mpya inafungua seva ya zamani, ya zamani haifungui mpya.

Je, kijana wetu anaweza kubaki na 2014 yake juu ya mashine mpya? Kisheria, kama leseni ni ya mkataba wa jumla, ndiyo. Mimi simshauri. Masasisho ya usalama ya SQL Server 2014 yalikoma tarehe 9 Julai 2024, na kuendelea kuyapata kunahitaji kulipia huduma ya ziada ambayo nayo haizidi miaka mitatu. Toleo la 2016 linafika mwisho wake tarehe 14 Julai 2026, kwa hiyo nalo si kimbilio. Tena Microsoft haiungi mkono 2014 juu ya Windows Server 2022, na seva mpya mara nyingi huja na Windows ya karibuni. Mnaweka akiba na mikopo ya watu humo ndani, pamoja na namba zao za simu na vitambulisho, wakati Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019. Kununua mashine mpya ili kuendeshea programu isiyozibwa matundu ni kuacha kazi nusu.

Windows nayo msiisahau kwenye hesabu. Tangu toleo la 2016, Windows Server inalipiwa kwa kori vilevile, na hata mashine ikiwa ndogo huhesabiwa kori 16. Ina CAL zake, tofauti na zile za kanzidata. Wengi huandika bajeti ya kanzidata vizuri, halafu Windows inawarudisha bodi kuomba nyongeza.

Mtu ataniuliza, vipi kama waliotengeneza mfumo wetu wanasema haujapimwa kwenye toleo jipya? Hili lina dawa. Kwa mkataba wa jumla, anayenunua leseni ya toleo jipya anaruhusiwa kuendesha toleo la nyuma. Unanunua 2022, unaweka 2019 ambayo masasisho yake ya usalama yanaendelea mpaka Januari 2030, na siku mtengenezaji akimaliza vipimo vyake unapanda bila kulipa tena. Na hata ukienda 2022 moja kwa moja, kanzidata iliyotoka 2014 unaweza kuiacha iendeshwe kwa tabia za zamani, ile ngazi ya 120, huku ukipima taarifa moja baada ya nyingine, ndipo uipandishe hadi 160. Majaribio hayo yafanyie kwenye daraja la Developer. Ni la bure, lina uwezo wote wa Enterprise, na katazo lake ni moja: lisiendeshe kazi halisi. Kumbuka tu kuwa bakapu ya 2014 inafunguka kwenye 2022, lakini ya 2022 haifunguki kwenye 2014 kamwe. Siku mkihama na watumishi wakaanza kuingiza miamala, njia ya kurudi imefungwa. Ijaribuni siku nyingi kabla, si Jumamosi usiku ya kuhama.

Na sasa jambo ambalo muuzaji wa leseni hatakuambia. Pima ukubwa wa kanzidata yenu. Daraja la Express ni la bure hata kwa kazi halisi, nalo katika toleo la 2022 linaruhusu GB 10 kwa kila kanzidata, na logi haihesabiwi. Toleo la 2025 limepandisha kikomo hadi GB 50. Zipo ofisi nyingi ndogo zenye data isiyofika GB sita ambazo zinalipia Standard kwa sababu tu aliyeziwekea mfumo alifanya hivyo. Express ina mipaka: inatumia kori nne tu, kumbukumbu yake ya data ni takriban GB 1.4, na haina ule mpangaji wa kazi za usiku, kwa hiyo bakapu lazima uipange kwa njia ya Windows. Kwa duka la dawa, shule au SACCOS ndogo, inatosha kabisa. Pima kwanza.

Mlioko kwenye benki na mashirika makubwa mnaotumia Oracle, kanuni zenu ni nyingine na msichanganye. Standard Edition 2 inalipiwa kwa soketi, dola 17,500 kila moja kwa bei ya orodha, haiwekwi kwenye mashine yenye nafasi ya zaidi ya soketi mbili, na hutumia nyuzi 16 tu. Angalieni neno nafasi: mashine ya soketi nne iliyochomekwa prosesa moja bado hairuhusiwi. Enterprise Edition ni dola 47,500 kwa prosesa, na prosesa hapo ni hesabu ya kori zidisha kwa kizio. Kwa Intel na AMD kizio ni 0.5, kwa IBM POWER kinafika 1.0. Kori 16 za Intel ni prosesa nane, yaani dola 380,000, na huduma ya kila mwaka ni asilimia 22 ya hiyo, dola 83,600. Mkihama kutoka aina moja ya prosesa kwenda nyingine, kizio kinaweza kubadilika na bili ikafuata. Na mkiiweka kwenye VMware, Oracle haikubali kwamba mashine pepe imezuia hesabu. Inataka kuhesabu seva halisi zote ambazo mashine hiyo inaweza kukimbilia. Msihamishe chochote kwenye VMware kabla mwanasheria hajausoma mkataba.

Kwa mashine pepe za SQL Server, kwa kifupi: unaweza kulipia kori za mashine pepe peke yake, zisizopungua nne, lakini tangu 2022 hilo linahitaji Software Assurance au leseni ya kukodi.

PostgreSQL? Naipenda, na haina leseni ya kulipia hata ukiwa na kori 192. Kila toleo kubwa hutunzwa miaka mitano. Lakini mfumo ulioandikwa kwa SQL Server hauhami kwa kubonyeza kitufe. Kuna mtu atauandika upya, naye analipwa. Kama mfumo ni wenu na mna waandishi wa programu, fikirieni. Kama mmeununua kwa mtu, mwulizeni yeye kwanza.

Kuna kitu kingine lazima nikisemee kwa ukali. Mtandaoni zinauzwa namba za SQL Server Standard kwa dola chache. Namba ya herufi 25 si leseni. Leseni ni haki iliyoandikwa kwa jina la taasisi yenu, yenye ankara na uthibitisho kutoka kwa mtoaji. Programu itawaka, mtafurahi, na siku ya ukaguzi hakutakuwa na karatasi ya kuonyesha. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Aliyeidhinisha malipo ndiye atakayeitwa, na mara nyingi ni kijana mdogo wa TEHAMA ambaye aliambiwa "tafuta ya bei rahisi".

Kijana wangu, wiki hii fanya hivi. Tafuta ankara za zamani. Pima ukubwa wa kanzidata na uangalie prosesa ya sasa inafanya kazi kwa asilimia ngapi siku ya mwisho wa mwezi, maana huenda shida ni diski tu. Hesabu watumiaji wote, hadi wanachama wa kwenye simu. Ndipo umwandikie muuzaji upya, uombe prosesa moja ya kori nane, na kwenye profoma hiyo hiyo aandike leseni ya Windows, leseni ya kanzidata, idadi ya CAL, toleo na daraja, na atamke kwa maandishi kama ni leseni inayohama au iliyofungwa na mashine. Asiyekubali kuandika hilo, usinunue kwake.

Na ninyi wajumbe wa bodi mnaosoma hapa: mwiteni afisa TEHAMA wenu kikaoni siku ya kujadili mashine, si siku ya kuipokea. Mpeni dakika kumi aeleze kori na leseni, na mhasibu awe na kikokotoo mkononi.